Jumamosi za Ndege ya Povu

Sauti ninayoikumbuka kabla ya nyingine zote ni ya kufuli likigonga mlango wa chuma. Mama alifunga kwa nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akalivuta kufuli mara mbili kuhakikisha limeshika, kisha viatu vyake vya ofisini vikaanza kushuka ngazi kutoka ghorofa ya nne, vikififia hadi vikamezwa na kelele za barabarani. Baada ya hapo nyumba ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa yake. Vyumba viwili, jiko lisilotosha watu wawili kupishana, na kibaraza chenye vyuma kuanzia sakafuni hadi darini. Hapo ndipo nguo zilipoanikwa, na hapo ndipo nilipoketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiutazama mtaa wetu wa Satellite ukiamka bila mimi. Harufu zote zilinifikia: moshi wa makaa, chapati za mama mmoja aliyepikia chini ya ngazi, sabuni ya kufulia, na vumbi jekundu la Desemba lililotimka kila gari lilipopita. Watoto wa ploti yetu waliruka kamba uani, nami nikawa nawahesabia kwa sauti ya chini. Mmoja wao akiinua macho na kuita, "Njeri, shuka basi!" nilijifanya nina kazi. Niliona aibu kumwambia kwamba nimefungiwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na wafungwa pekee niliowajua ni wale tuliowaombea kanisani pamoja na wagonjwa.

Mama hakunifungia kwa ukatili. Mwezi wa Agosti dada yangu Wambui, aliyenizidi miaka saba, alitoka kwenda kununua maziwa na hakurudi. Aliacha karatasi chini ya thamosi: ameenda kuishi na mwanamume anayempenda, asitafutwe. Baba alifariki nikiwa na miaka minne, na Mama alitulea kwa mshahara wa ukarani katika ofisi ya mawakili katikati ya mji, akiwa amejenga maisha yetu yote juu ya wazo kwamba Wambui angeingia chuo kikuu. Majirani, kama walivyo majirani, walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tena walisema kwa sauti ya kutosha kusikika ghorofa ya nne. Mbaya zaidi, hawakuwa na jina jingine la kumwita. Kwetu mama huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, kwa hiyo dukani, kanisani na ngazini alikuwa Mama Wambui, Mama Wambui, siku nzima, naye aliitika kila mara kama mtu aliyekanyaga msumari asitake watu wajue. Nyumbani jina hilo halikutajwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo uliobaki nyumbani ulikuwa mimi. Shule zilipofungwa, Mama alinunua kufuli.

Ufunguo wa pili aliuacha kwa Mzee Barasa wa chini, ili moto ukizuka kuwe na mtu wa kunifungulia. Mzee Barasa alikuwa mtu wa Bungoma, mgane wa miaka sitini na kitu, aliyestaafu kazi ya ufundi katika uwanja wa ndege. Kwa miaka thelathini alitengeneza saa na mita za ndege bila kupanda hata moja iliyoondoka ardhini. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyesimama na Mama siku zote za mazishi, kwa hiyo Mama alimwamini kuliko alivyowaamini baadhi ya ndugu zake. Sasa alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo hauzimi taa mara moja. Hula pembe za picha kwanza, kisha husogea katikati polepole. "Saa hii naona kama mtu anachungulia kwa bomba," aliniambia. "Nikiangalia pua yako, masikio sioni." Alicheka aliposema hivyo. Lakini nilikuwa nimemwona kutoka kibarazani akigonga bega kwenye lango la ploti, na nilikuwa nimewasikia wageni wakisema mzee yule amelewa asubuhi yote hii.

Jumapili moja baada ya ibada alipanda ngazi zote akipapasa ukuta, akakataa chai, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama Wambui, nimekuja kuomba macho."

"Macho ya nani, Mzee?"

"Ya huyu msichana. Jumamosi tu. Yangu yanafika hapo karibu, halafu ndege inanipotea."

Mama alisema nina vitabu vya kusoma, kwamba Januari naingia darasa la nane, kwamba mitihani haimngoji mtu. Mzee Barasa alikubali yote hayo kwa kutikisa kichwa. "Nitamrudisha saa kumi na moja," alisema. "Nitamshika mkono mimi mwenyewe." Kisha akatabasamu. "Ama yeye atanishika." Mama aliinua kidole. "Saa kumi na moja, Mzee. Si na dakika tano."

Ndege yenyewe ilikuwa mezani kwake, ikichukua meza nzima. Mwanawe aliyefanya kazi ng'ambo alimtumia ndani ya sanduku miaka miwili kabla, macho yalipokuwa bado yanafaa. Ilikuwa glaida, ndege ya kuelea, iliyotengenezwa kwa povu gumu jeupe kama lile linalozunguka televisheni mpya ndani ya katoni. Mabawa yake yalipounganishwa yalinizidi urefu. Puani ilikuwa na mota ndogo ya umeme na propela ambayo mabapa yake yalijikunja nyuma mota ilipozimwa, kama kunguru anavyokunja miguu. Rimoti ilikuwa kisanduku chenye vijiti viwili na antena ya chuma iliyovutwa hadi ikawa ndefu kama fimbo ya mchungaji. "Hii ni ya watu wanaanza," Mzee Barasa alisema, akipapasa tumbo la ndege. "Inasamehe makosa." Nilipoinua, nilishangaa. Ilikuwa nyepesi kuliko mkate.

Tulikwenda kwenye kiwanja cha nyasi upande wa Jamhuri, si mbali na uwanja wa maonyesho, ambacho Jumapili kilikuwa cha mpira na Jumamosi mchana kilikuwa cha upepo tu. Jumamosi mbili za kwanza nilikuwa macho na si zaidi. Niliirusha ndege kwa mkono, yeye akaiendesha, na ilipotoka kwenye bomba lake aliuliza, "Iko wapi?" Nilisema iko juu ya mti ule. "Mti gani? Mimi sioni mti. Nionyeshe kwa mkono." Nikanyoosha mkono kuifuata ndege, naye akaweka kiganja chake juu ya kifundo cha mkono wangu, akahisi inakoelekea. Tulisimama hivyo, mzee na msichana, kama watu wanaoapishwa. "Inaenda ama inakuja?" aliuliza, na hapo nikagundua ugumu wa kazi yangu, kwa maana ndege nyeupe katika anga jeupe, ikiwa mbali, haisemi imeelekeza pua wapi. Nilikosea mara nyingi. Kila nilipokosea, ndege ilitua vibaya, naye alizitoa nyasi puani na kusema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye macho mapya huambiwa. Saa kumi na nusu tulianza kufunga mizigo. Saa kumi na moja kasoro dakika tano Mama alikuwa dirishani.

Jumamosi ya tatu alinipa rimoti. Ndege ikienda mbali nawe, kulia ni kulia na kushoto ni kushoto. Mtoto yeyote anaweza. Ikigeuka na kukujia, kila kitu hupinduka. Unataka iende huku, inakwenda kule. Unashtuka, unakaza kijiti zaidi, nayo inazidi kuanguka upande uleule uliokuwa ukiukimbia. Niliipigiza chini mara mbili siku hiyo, na mara ya pili pua ilibonyea kabisa. Nilitarajia kukemewa. Mzee Barasa alisema tu, "Ikikuja kwako, peleka kijiti upande bawa limeanguka. Mtu akianguka unampelekea mkono upande gani? Si ule anaangukia?" Jioni hiyo nyumbani kwake alichemsha maji, akashikilia pua ya ndege juu ya mvuke wa birika, na povu lililobonyea likaanza kufura lenyewe taratibu, likitoa harufu ya plastiki tamu, hadi kovu likabaki mstari mdogo tu. Nilitazama kwa mdomo wazi. Ni kitu kimoja kati ya vichache nilivyowahi kuviona vikivunjika na kurudi.

Shule zilifunguliwa, na kufuli likahamia jioni na mwisho wa juma, lakini Jumamosi mchana ilibaki yangu. Januari na Februari jua lilikuwa kali, na hapo ndipo nilipofundishwa kuelea. "Sikiza vizuri," alisema Mzee Barasa. "Glaida haipandi hata siku moja. Inashuka tangu ikiachwa mpaka itue. Kazi yako ni kutafuta pahali hewa yenyewe inapanda mbio kuliko ndege inavyoshuka. Hiyo mimi naita lifti." Lifti ilikuwa juu ya vitu vilivyopata moto: uwanja mkavu wa vumbi, lami, mabati ya mtaa wa jirani. Haikuonekana. Ilijulikana kwa dalili moja ndogo: bawa moja la ndege liliinuka lenyewe, kama mtu aliyeguswa bega na rafiki kwa nyuma. Hapo ilikupasa ugeuke upande wa bega lile, mara moja, bila kubishana, na uanze kuzunguka. Ukichelewa, imepita. Niliipoteza lifti mara nyingi kuliko nywele zangu. Nilipanda kwa mota, nikazima, propela ikajikunja, kimya kikaingia, na ndege ikashuka kwa adabu hadi miguuni petu, kila mara, kila mara.

Kisha Jumamosi moja ya Februari bawa la kushoto liliguswa. Niligeuka. Ndege ilizunguka mara moja, nikaona imekuwa ndogo kidogo. Ikazunguka tena, ikawa ndogo zaidi, na mota ilikuwa imezimwa. Mwewe wawili walikuja kutoka upande wa barabara ya Ngong, wakaingia katika duara lilelile wakiwa juu yake, na wote watatu wakapanda pamoja. "Bado iko?" aliuliza Mzee Barasa. "Bado." "Inashuka?" "Inapanda, Mzee." Alikaa chini kwenye nyasi, akavua kofia, akaniomba nimweleze kila kitu, nami nikaeleza: sasa mwewe mmoja amekunja mkia, sasa ndege yetu imewaka jua kwa chini, sasa iko kama punje ya mchele. Ilidumu zaidi ya dakika ishirini. Watu hudhani nitasema nilijisikia huru. Nilikuwa nimesimama mahali pamoja, shingo ikiuma, vidole vimekaza, nisithubutu kupepesa macho, kwa sababu nikiipoteza sitaipata tena. Ndege haikuweza kwenda mahali ambapo antena yangu haikufika. Na saa kumi na nusu ilipofika ilibidi niishushe, ikakataa, kwa maana lifti ilikuwa na nguvu. Nililazimika kuielekeza pua chini na kuitoa kwa nguvu katika ile hewa, mwewe wakiachwa juu wakiendelea. Nililia nikiishusha.

Yule mama wa chapati ndiye aliyeniambia. Alinivuta pembeni nilipokuwa nikitoka shuleni. "Dada yako nimemwona Ngara," alinong'ona. "Anauza kwa duka ya sufuria, pale kona ya wenye kuuza jumla. Usiseme nimesema." Sikusema. Nilibeba habari hiyo wiki tatu kama kaa la moto mfukoni. Mama alipika, akasali, akafunga mlango, nami nikawaza kwamba mtu mmoja katika mji huu amefungua mlango akatoka, na mwingine ndiye anayelipia huko kutoka kwake. Nilimkosa sana Wambui. Pia nilimchukia. Nilitaka kumwambia yote mawili.

Machi chaja ya betri iliungua, na Mzee Barasa alimjua fundi wa redio huko Ngara ambaye angeweza kuifufua. Mama hakujua Ngara kuna nani, akaruhusu. Mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya mji tangu asubuhi. Nilimwongoza Mzee Barasa kati ya mikokoteni na marobota ya nguo, nikimwambia, "Ngazi moja. Shimo. Maji," naye akinifuata kwa imani ambayo leo ikinijia usingizi hunitoka. Tulifika kwenye kibanda cha fundi, akapewa kigoda. Chaja ikafunguliwa. Nikasema, "Mzee, naenda choo, narudi saa hii." Akasema, "Enda. Mimi niko."

Duka la sufuria halikuwa mbali. Sufuria zilikuwa zimepangwa moja ndani ya nyingine hadi darini, na mbele yake aliketi Wambui, leso kiunoni, tumbo limemtangulia. Kifuniko kilimponyoka kikalia sakafuni.

"Njeri? Nani amekuleta? Mathe yuko?"

"Mama hayuko. Hajui."

Alinikumbatia, tumbo lake gumu likiwa katikati yetu. Aliniuliza nimekuwa mrefu hivi lini. Aliniambia kwamba yule mwanamume alikwenda Kitale kutafuta kazi mwezi wa kumi na simu yake haipatikani. Kwamba mwenye duka ni mama mzuri, amempa chumba nyuma. Kwamba mtoto atazaliwa Mei. "Rudi nyumbani," nilimwambia. Akacheka bila furaha. "Na hii tumbo? Niingie hiyo ploti mchana, watu wakiangalia? Siwezi, Njeri. Hapa ndio niko." Nikamwambia kuhusu kufuli. Sikupanga kumwambia kwa ukali, lakini lilitoka kali. "Mimi nafungiwa kwa nyumba kama mbuzi. Kila siku." Wambui aligeuza uso kwenye sufuria. "Ni kwa sababu yangu," alisema. Alitaka nikatae. Nilijua alitaka nikatae. Nikasema, "Ndiyo." Mvua ikaanguka juu ya mabati kwa kishindo kimoja, nami nikakumbuka kigoda.

Kigoda kilikuwa kitupu. Fundi alisema mzee alingoja sana, kisha aliposikia mvua akasema mtoto hana sweta, akatoka kunitafuta. Nilikimbia huku na kule nikiita jina lake katika mvua ambayo haikuniruhusu kusikia jibu. Nilimkuta ng'ambo ya barabara. Wanawake wawili waliouza mboga walikuwa wakimvuta kutoka kwenye mtaro, na kijana mmoja aliyejikinga chini ya turubai alikuwa akiwacheka walevi wa mchana. Kiatu kimoja hakikuwepo. Damu ilitoka juu ya jicho la kulia ikachanganyika na maji hadi kwenye kola. Chini ya koti alikuwa amekumbatia mfuko wa karatasi wenye chaja, na ulikuwa karibu mkavu.

"Ni wewe?" aliuliza nilipomshika mkono.

"Ni mimi, Mzee. Nisamehe."

"Ulimwona?"

Nilimpangusa damu juu ya jicho kwa kiganja. "Hata mimi mama wa chapati huniongelesha," alisema. "Ako mzima?"

"Ana mimba."

Alivuta pumzi. "Haya. Twende. Saa kumi na moja imeshapita."

Mama alikuwa langoni, na mwavuli hakuufungua. Kabla sijasema lolote Mzee Barasa alisema ameteleza, kosa ni lake, alimwambia msichana angoje ndani naye akatoka nje kwa ukaidi. Mama alimfunga kidonda kwa heshima zote, akamshukuru, na tangu siku hiyo Jumamosi zangu zikaisha. Mtu asiyeweza kujilinda mwenyewe, alisema, hawezi kulinda mtoto wa mtu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ile ilitosha siku tisa. Niliketi kwenye ndoo yangu kibarazani na nikasikia, kutoka chini, fimbo mpya ya Mzee Barasa ikigonga simenti. Jicho lake la kulia lilikuwa limezimika kabisa. Hakuna daktari aliyesema ni kwa sababu ya kuanguka kule. Hakuna aliyesema sivyo.

Siku ya tisa jioni Mama alikuwa akikoroga ugali, nikasema kwa mgongo wake, "Mama, Mzee hakukosa. Nilimwacha." Nikamwambia yote. Aliendelea kukoroga. Nilipofika kwenye jina, jina ambalo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile tangu Agosti, mwiko ulisimama, kisha ukaendelea. Aliuliza swali moja. "Amekonda?"

"Hapana, Mama. Ana tumbo."

Alizima jiko. Alipita karibu nami bila kuniangalia, akaenda kibarazani, akaketi juu ya ndoo, akashika vyuma kwa mikono miwili. Ugali ulipoa ukawa jiwe. Nilisimama mlangoni nikiutazama mgongo wake, nikaelewa polepole, kama mtoto anavyoelewa, kwamba sikuwa peke yangu humo ndani.

Aprili mwanawe Mzee Barasa aliagiza kwamba baba yake arudishwe Bungoma akakae na dada yake. Mzee Barasa alipanda ngazi tena, safari hii kwa fimbo, akaomba Jumamosi moja ya mwisho. Mama alivaa viatu vya ofisini akasema tutakwenda sote. Ilikuwa siku ya mapumziko kati ya mvua na mvua, nyasi zimefika magotini. Nilinyoosha antena, nikataka kusimama mahali pangu, lakini Mzee Barasa alinyoosha mkono. "Leo mimi nashika. Wewe ongea." Nikairusha. Nikaongea kama sijawahi kuongea: inaenda, inaenda, kulia kidogo, inyooshe, sasa inakuja, bawa la kushoto limeanguka, mpelekee mkono. Uso wake ulitazama mbali sana na ndege, upande wa barabara, mahali ambapo hapakuwa na kitu, na vidole vyake vilifanya kila nilichosema nusu ya pumzi baada yangu. Mama alisimama nyuma yetu na mkoba mkononi. Sikumtazama, sikuweza, lakini mara moja nilipositasita nikasikia sauti yake, ya chini, yenye wasiwasi: "Kushoto, Mzee. Kushoto tena." Ndege ilikaa hewani dakika nne. Ilitua kwa bawa, na bawa likakatika katikati. Mzee Barasa aliposikia mlio huo alicheka hadi akashika magoti.

Tukiwa njiani kurudi, Mzee Barasa akiwa katikati yetu, Mama aliuliza bila kunigeukia, "Hilo duka la sufuria liko upande gani?" Jumamosi iliyofuata alifunga mlango, akaenda peke yake. Alirudi jioni na sufuria mpya ya wastani, akaiweka juu ya meza. Nilingoja hadi nikashindwa. "Alikuuzia mwenyewe?" Mama alisema, "Alinipunguzia bei," kisha akaweka mkono mdomoni, na sijui hata leo kama alikuwa analia au anacheka. Hawakuwa wamezungumza lolote jingine siku hiyo. Alikwenda tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, hadi tukawa na sufuria ambazo hatukuwa na mahali pa kuziweka. Wambui alikuja nyumbani Julai, mchana, na mtoto mgongoni, akapita katikati ya majirani wote. Kufuli halikutoka siku Mama alipokwenda Ngara, wala mwezi ule. Lilitoka baada ya mtoto kuingia nyumbani, bila hotuba yoyote. Mzee Barasa alifariki Bungoma nikiwa kidato cha pili. Aliniachia ndege. Nililiunganisha bawa kwa gundi, lakini sikuirusha tena, na tulipohama ilibaki.

Siku hizi naishi bado magharibi mwa mji, katika ghorofa refu kuliko lile, na dirisha langu linatazama dirisha la jirani. Vijana huniambia kwamba ndege za kuchezea zinajiendesha zenyewe, ukizipoteza hurudi. Binti yangu ana miaka kumi na mitatu na sijamfungia hata siku moja. Jumamosi humwacha aende mjini na rafiki zake, nami hubaki sebuleni na simu mkononi, nikifuata kinukta cha buluu kinachonionyesha alipo. Kinukta kikienda, napumua. Mwezi uliopita kilisimama mahali pamoja dakika arobaini, nikapiga, hakushika, nikavaa viatu, nikashuka hadi kituo cha basi na nikasimama pale bila kujua niende wapi. Kisha kikasonga. Alipoingia nyumbani nilikuwa nakata vitunguu, viatu nimevua. "Mami, ulikuwa unanifuata kwa simu?" aliuliza. Nikasema hapana. Alinitazama, mtulivu, mrefu karibu kunifikia, na kwa jinsi alivyochukua kisu kingine akaanza kunisaidia bila kuuliza mara ya pili, nilijua hajaniamini.